Je, Mwalimu Atadaiwa kwa Lile Alilofundisha?

Yako maswali ambayo ulimi huyajibu mara moja, kisha moyo hukaa siku nyingi bila kuridhika. Swali tulitakalo kulieleza katika kurasa hizi ni la namna hiyo. Tuliulizwa na mzee mmoja barazani, mbele za watu, na jibu tulilompa siku ile twaona sasa kwamba lilikuwa pungufu.

Mambo yalikuwa hivi. Wadudu walikuwa wameingia katika mashamba ya pamba, na wakulima walitaka kujua namna ya kutumia dawa ya kunyunyizia. Tukawaita jioni katika chumba cha shule, wake kwa waume, tukawafundisha kipimo cha dawa kwa debe la maji, namna ya kusimama upande utokako upepo, na kufunika pua na mdomo. Watu wakafurahi, na pamba ikapona. Lakini kijana mmoja aliyeketi nyuma alisikia neno jingine ndani ya maneno yetu, kwamba dawa ile kidogo tu yatosha kuua. Baada ya majuma machache akaimwaga mtoni, samaki wakaelea, akawaokota akawauza. Watoto wawili walitapika na kutetemeka usiku kucha, wakapelekwa hospitali, na kwa rehema za Mungu wakapona. Watu walipokutana barazani, yule mzee hakumtazama kijana. Alitutazama sisi, akasema, "Mwalimu, si wewe uliyemfundisha?"

Tukamjibu, "Baba, sisi tulifundisha kuua wadudu. Samaki hatukuwataja." Watu wakaitikia kwa vichwa, na mzee akanyamaza. Lakini kunyamaza kwake hakukuwa kukubali, nasi tulirudi nyumbani tukijua hivyo.

Basi, ndugu msomaji, tuliuliza nafsi zetu: Je, mtu afundishaye jambo jema mbele ya watu wote, atadaiwa kwa uovu utendwao na mmoja wa wasikilizaji? Na kama atadaiwa, si afadhali anyamaze, au afundishe mlango ukiwa umefungwa? Twajua kwamba swali hili halikuanza katika kijiji chetu. Wakubwa wa elimu wamelibeba, na mzigo wao ulikuwa mzito kuliko wetu. Tutaeleza habari ya mmoja wao, maana katika jambo kubwa huonekana wazi yale ambayo katika jambo dogo hufichika.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la New York, uko mji uitwao Ithaca, na ndani yake Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoanzishwa mwaka 1865. Tajiri mmoja mwenye benki, George F. Baker, alitoa mali yake ikajengwa nyumba kubwa ya elimu ya kemia, yaani elimu ya asili ya vitu na namna vinavyoungana na kuachana. Tena alitoa fedha ili tangu mwaka 1926 wataalamu wa nchi nyingine na vyuo vingine waalikwe, wakae kwa muda, na kutoa mihadhara juu ya yale waliyoyachunguza maisha yao yote. Mihadhara ile haikuwa ya siri. Ilisemwa mbele za watu, na mingi ikachapwa vitabu, akavinunua kila aliyetaka.

Tuutazame uzuri wa desturi hii. Kwetu tumezoea kuona mganga mwenye kujua mzizi wa dawa akiuficha hata kwa mwanawe, mpaka anakufa nao, na wagonjwa wa kizazi kijacho hawana la kufanya. Huko Ithaca mtu aliitwa kutoka mbali, akaombwa atoe kila alicho nacho, mwenyeji na mgeni wakasikia pamoja. Miongoni mwa wageni wa kwanza alikuwa Ernst Cohen, Mholanzi wa mji wa Utrecht. Mwaka 1937 alikuja Linus Pauling, Mmarekani kutoka California, akaeleza kwa nini chembe ndogo kabisa za vitu, ziitwazo atomu, hushikamana. Na kitabu cha mihadhara yake, kilichotoka mwaka 1939, kiliwafundisha wanakemia wa ulimwengu mzima.

Lakini mgeni ambaye habari zake zatupasa leo ni Otto Hahn, Mjerumani, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1879. Yeye alikuja Cornell mwaka 1933. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vitu vitoavyo mionzi, kama radi na urani. Taabu ya kazi hiyo ni kwamba kitu kitafutwacho mara nyingi ni kidogo mno, hakionekani kwa jicho wala hakipimiki kwa mizani. Hahn alieleza namna ya kukikamata. Ndama mmoja aliyepotea porini ni vigumu kumshika; lakini ukilipitisha kundi la ng'ombe karibu naye, huingia kundini mwenyewe, na kundi lirudipo zizini naye yumo. Kadhalika mwanakemia hutia katika maji yake kitu kingine chenye tabia iliyo karibu na ya kile kitafutwacho, kisha hukifanya kitu hicho kigande na kushuka chini, nacho kile kidogo hushuka pamoja nacho. Hayo na mengine mengi Hahn aliyasema wazi, na kitabu chake kikachapwa huko Cornell mwaka 1936.

Katika maneno hayo, ni lipi lililo ovu? Twalitafuta wala hatulioni. Ni elimu safi, kama elimu ya kupepeta nafaka.

Sasa tazama mbegu ile ilivyoota. Katika California alikuwako kijana, Glenn Seaborg, aliyekisoma kitabu kile kwa bidii nyingi, hata baadaye alisema kwamba kilikuwa kwake kama Biblia ya kazi yake. Mwaka 1938, yeye na mwenzake John Livingood walipata namna mpya ya iodini itoayo mionzi, ambayo hata leo huwatibu wenye maradhi ya tezi ya shingo. Mwaka ule ule wakapata pia kobalti itoayo mionzi. Kwa mashine za kobalti ya namna hiyo wagonjwa wengi wa saratani wametibiwa duniani, hata wa kwetu, katika hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam. Mama akilala pale chini ya mashine hamjui Hahn wala Ithaca. Lakini kama mihadhara ya namna ile isingalitolewa wazi, huenda dawa yake ingalichelewa sana kumfikia.

Lakini mbegu ile ile ilizaa na tunda jingine. Mwezi wa Desemba mwaka 1938, Hahn na mwenzake Fritz Strassmann, wakiwa Berlin, waliona kwamba urani ikipigwa na chembe ziitwazo nyutroni hutokea bari, kitu chepesi kuliko urani kwa mbali. Lise Meitner, aliyekuwa mwenzake Hahn kwa miaka 30, alikuwa amekwisha kukimbilia Uswidi, kwa kuwa alizaliwa Myahudi na watawala wa Kinazi waliwatesa Wayahudi. Yeye na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza maana ya jambo hilo: kiini cha atomu kimepasuka vipande viwili, na nguvu kubwa imetoka. Miaka 2 baadaye Seaborg na wenzake wakapata kitu kipya, plutoni, na kwa njia za namna ile aliyoifundisha Hahn wakaweza kuitenga na urani. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani likaangushwa juu ya Hiroshima, na tarehe 9 bomu la plutoni juu ya Nagasaki. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Kanisa kuu la Urakami, katika Nagasaki, liliharibika pamoja na waumini waliokuwamo ndani. Na Wakristo wale walikuwa wazao wa watu walioshika imani kwa siri zaidi ya miaka 200 chini ya mateso.

Siku habari za Hiroshima zilipofika, Hahn alikuwa mfungwa wa Waingereza, pamoja na wataalamu wengine wa Ujerumani. Bomu hakulitengeneza yeye, wala hakuliagiza. Hata hivyo alifadhaika mno, akajiona kwamba deni la vifo vile ni lake, hata wenzake wakamwogopea asije akajiua. Basi swali la mzee wetu lilimfikia na yeye, ingawa hakuna aliyemtamkia: si wewe uliyewafundisha?

Wako watu watakaojibu kwamba mwalimu hana deni lolote. Mpanzi, wasema, hutupa mbegu; udongo ndio utakaojibu. Mhunzi afuaye jembe hashtakiwi mtu akipigwa kwa jembe hilo. Jibu hili lina kweli ndani yake, na lazima tuishike, maana kijana aliyemwaga dawa mtoni alikuwa na hiari yake. Alijua kwamba samaki wataliwa na watu. Tukimwondolea deni lake na kumpa mwalimu lote, tumemfanya kijana kuwa mnyama asiye na dhamiri, na hiyo si heshima kwake.

Ila jibu hilo halifiki mwisho wa njia. Maisha ya Hahn mwenyewe yatuonyesha. Katika vita ya kwanza ya dunia alitumika katika kikosi cha Wajerumani cha hewa ya sumu, silaha ambayo mwaka 1915 ilipelekwa juu ya askari karibu na mji wa Ypres. Kazi ile aliijua maana yake tangu mwanzo hata mwisho, na mikono yake ilikuwamo. Mwaka 1933, katika ukumbi wa Ithaca, hakujua litakalotokea, wala hakuna mtu ulimwenguni aliyejua, maana kupasuka kwa urani kulikuwa bado hakujaonekana. Ni nani atakayesema kwamba madeni haya mawili ni sawa? La kwanza ni la mtu aliyejua. La pili ni la mtu asiyeweza kujua. Basi kati ya hao wawili yuko wa tatu, mtu ambaye hakujua, lakini angaliweza kujua kama angalikaa kitako na kufikiri. Huyo ndiye atutiaye hofu sisi walimu, maana mara nyingi huyo ndiye sisi.

Wengine watajibu kwamba dawa ni kufunga mlango. Elimu yenye hatari ifundishwe kwa wachache walio waaminifu, na wengine wasisikie. Jibu hili nalo si la kudharauliwa. Wataalamu wa Marekani walipoona hatari ya urani walianza kuzuia maandiko yao wenyewe. Habari za kwanza za plutoni ziliandikwa mwanzoni mwa 1941, zikafungiwa, zisichapwe mpaka 1946. Walikuwa na sababu, maana kitabu cha Hahn kilisomeka Berlin kama kilivyosomeka California, na mwandishi wake alikuwa huko huko Berlin. Hofu yao haikuwa ya bure. Ernst Cohen, yule mgeni wa kwanza kwanza wa Cornell, mzee mwenye sifa duniani, alipelekwa Auschwitz akauawa mwaka 1944, kwa kosa la kuzaliwa Myahudi tu. Watawala wenye kutenda hayo, ni nani angewapa bomu?

Lakini tuangalie tena. Bomu lenyewe lilitengenezwa wapi? Halikutengenezwa katika ukumbi ule ambao kila mtu aliweza kusimama na kuuliza. Lilitengenezwa nyuma ya milango iliyofungwa, na wengi wa waliolifanyia kazi hawakuambiwa wanafanya nini. Palipo na siri hapana mzee wa kuuliza swali barazani. Hatusemi kwamba siri ni dhambi kila wakati, maana hata baba huficha kisu mtoto asikione. Twasema kwamba mlango uliofungwa haumfanyi mtu kuwa mwema. Humwondolea mashahidi tu.

Na hapa, ndugu wasomaji, habari hii ya mbali yaingia katika nyumba yetu. Urani nyingi iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya madini, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Kongo wakati ule ilitawaliwa na Wabelgiji. Waafrika waliochimba waliyashika mawe kwa mikono, wakavuta vumbi lake, wala hawakuambiwa litakalofanywa kwayo. Ukumbi ulikuwa wazi, naam, lakini ulikuwa Ithaca. Kutoka Shinkolobwe hakualikwa mtu.

Tulipolitafakari jambo hili tuliona kwamba barazani tulikuwa tukishindana juu ya neno lisilo lenyewe. Tuliuliza kama tumewafundisha watu wengi mno. Ilitupasa kuuliza ni nani hatukumfundisha. Jioni ile ya dawa ya pamba tuliwaita wenye mashamba. Wavuvi hatukuwaita, wala akina mama wachotao maji mtoni, wala watoto wanunuao samaki. Kama mama mmoja wa mtoni angalikuwako, angalituuliza, "Na dawa hiyo ikifika majini, itakuwaje?" Nasi tungalilazimika kujibu mbele ya yule kijana na mbele ya watu wote. Baada ya jibu hilo, kijana asingaliweza kusema hakujua, wala mnunuzi asingaliwakubali samaki waliookotwa wakielea. Elimu yetu iliwafikia wenye faida nayo. Wenye hatari nayo walikuwa wamelala nyumbani.

Basi hili ndilo jibu letu, nasi twalitoa kwa unyenyekevu, tukijua kwamba Maandiko yaonya walimu wasiwe wengi kwa kuwa hukumu yao ni nzito zaidi. Mwalimu hadaiwi kwa kila litendwalo na kila msikilizaji. Mungu peke yake ndiye aonaye mpaka huko. Lakini yako madeni matatu ambayo hawezi kuyakana.

Deni la kwanza ni kueleza jambo zima. Afundishaye nguvu ya kitu na asifundishe madhara yake, amempa mwenziwe panga bila kumwonyesha upande wenye makali. Sisi tulieleza madhara kwa pua na mdomo wa mkulima, tukadhani tumemaliza.

Deni la pili ni kuwaita wote litakaowagusa neno hilo, hata wale wasio na elimu, hata wale ambao maswali yao yataturefushia kazi. Mwenye kuvuta vumbi la jiwe ana haki ya kuambiwa jiwe ni la nini.

Deni la tatu ni kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililotoka halirudi kinywani. Lakini mwenye neno aweza kurudi penye watu. Hahn hakuweza kukirudisha kitabu chake. Alichoweza alikifanya: tarehe 15 Julai 1955, katika kisiwa cha Mainau, yeye na wenzake walitoa tangazo la kuonya mataifa juu ya silaha za atomu, likatiwa sahihi na watu 18 wenye tuzo ya Nobel, na baadaye idadi yao ikafika 52. Pauling naye, ambaye mihadhara yake haikuhusu bomu hata kidogo, alikusanya sahihi za maelfu ya wataalamu wa nchi nyingi, akazipeleka Umoja wa Mataifa mwaka 1958, wakiomba majaribio ya mabomu yakomeshwe. Alitukanwa kwa ajili hiyo, hata katika nchi yake. Mwaka 1963 mataifa makubwa matatu yalipatana kuacha majaribio hewani, baharini na juu ya anga, na Pauling akapewa tuzo ya amani ya mwaka 1962. Silaha zenyewe zipo hata leo. Kurudi hakufuti kila kitu, wala hatujaambiwa popote kwamba toba hufuta matokeo. Twaambiwa tu kwamba yatupasa.

Tulimwendea yule mzee nyumbani kwake, tukamwambia kwamba jibu letu la barazani lilikuwa la kujikinga. Hakutukaripia. Aliuliza swali moja tu: "Sasa mtawaita tena?" Tukawaita tena, safari hii chini ya mwembe karibu na mto, saa ya kuchota maji, ili wale wa mtoni wasikose. Tulieleza dawa inavyoua, nini, na nani, na kwa nini debe lake lisichotewe maji kamwe. Yule kijana alikuwako. Alisimama mbele ya mama wa wale watoto, akaeleza kwa kinywa chake alilolifanya, naye akapewa kazi ya kuwaonyesha wengine mahali pa kuyafukia madebe, mbali na maji.

Mama mmoja akatuuliza kuhusu visima vilivyo bondeni, chini ya mashamba, kama mvua haiwezi kuipeleka dawa huko. Swali hilo hatukuwa tumelifikiri. Tulimwambia kwamba hatujui, na kwamba tutauliza kwa wenye kujua, kisha tutamrudia. Hilo ni deni letu sasa, na mwaka huu wa pamba haujaisha.